Sumu ya Mahindi na Mchezo wa Bahati

Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafariki dunia mashariki mwa Kenya baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Wengi walitoka Makueni na Kitui. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba na maini yakashindwa kufanya kazi.

Sumu hii hutokana na kuvu inayoota kwenye nafaka yenye unyevu. Kuipika muthokoi au ugali hakuiondoi. Ndiyo maana wataalamu wanatafuta njia ya kuisafisha nafaka yenyewe, na mojawapo inayojaribiwa katika maabara ni plazma baridi.

Plazma ni nini? Sisi madaktari tukitaja plazma, huwa tunamaanisha umajimaji wa damu. Hii ni nyingine kabisa. Ni gesi iliyopitishiwa umeme hadi baadhi ya chembe zake zikapoteza elektroni. Mmweko wa radi ni plazma. Katika plazma baridi, chembe chache tu ndizo hupoteza elektroni, hivyo gesi haiunguzi punje. Lakini elektroni hizo zikiigonga oksijeni, huzaa ozoni na kemikali nyingine kali zinazoivunja aflatoksini.

Kama ilivyo kwa dawa, shida ni kipimo: kikipungua sumu hubaki, kikizidi chakula huharibika. Je, nani atazihesabu elektroni zote hizo?

Jibu lilianzia kwa mgonjwa. Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam, akipata nafuu baada ya kuugua, alikuwa akicheza karata peke yake. Aliona kwamba badala ya kukokotoa uwezekano wa kushinda, ni rahisi kucheza mara nyingi na kuhesabu ushindi. Mbinu hiyo ikaitwa Monte Carlo, mahali penye kasino mashuhuri huko Monako. Leo kompyuta huifuata elektroni kana kwamba inarusha dadu: imegonga chembe au imepita? Imedunda au imeng'oa elektroni nyingine? Baada ya marudio mamilioni, wastani huonyesha ozoni itakayopatikana.

Funzo hilo lahusu hata gunia lako. Aflatoksini haisambai sawasawa. Konzi moja ya juu yaweza kuwa safi na punje chache za chini zikawa na sumu ya kuua. Konzi moja ni kama mchezo mmoja wa karata. Mpimaji mwema huchota sehemu nyingi za gunia, huchanganya na kusaga, ndipo apime.

Kabla plazma haijafika ghalani, anika mahindi juu ya turubai, si udongoni, hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Yapange juu ya mbao. Yaliyoota kuvu yatupe; usimpe ng'ombe, kwani sumu huingia katika maziwa. Na watu kadhaa nyumbani wakigeuka manjano kwa pamoja, kimbilieni hospitali mkamweleze daktari mlichokula.