Kifuniko Kinachojirudi

Mwezi wa saba, majani yakiwa yamekauka na vumbi jekundu likipanda hadi magotini, niliwakuta vijana watatu wa Kasungami, hapa Lubumbashi, wakishindana kwa vifuniko vya ndoo za rangi. Kati yao na mwembe waliolenga palikuwa na kichuguu, vile vichuguu vyetu vya Katanga vyenye kimo cha nyumba, ambavyo mafundi matofali huvichimba mpaka viishe. Aliyerusha moja kwa moja alikigonga kichuguu. Aliyerusha juu alikipoteza kifuniko kwa upepo. Wa tatu akakiinamisha kifuniko chake ubavu, akakizungusha kwa kifundo cha mkono, nacho kikapita pembeni ya kichuguu kisha kikakata kona kuelekea mwembe. «Papa, angaria! Inarudia yenyewe!»

Hakuugusa hata mwembe, lakini alifurahi kuliko wenzake wote. Mimi ni mtu wa fizikia, na furaha hiyo naifahamu ilikotoka.

Wenzetu wa ng'ambo wameufanya mchezo huo kuwa na kanuni na mashindano, wakauita gofu ya visahani. Badala ya mpira na fimbo kuna kisahani cha plastiki chenye upana wa sentimeta 21 hivi, na badala ya shimo kuna kikapu cha chuma juu ya mlingoti, kimezungukwa na minyororo inayoning'inia. Anayekifikia kikapu kwa mitupo michache ndiye mshindi. Asili yake si tofauti na ya Kasungami: mwaka 1937, Mmarekani Walter Fredrick Morrison na msichana aliyekuja kuwa mkewe walianza kurushiana kifuniko cha kopo la bisi. Baadaye walihamia kwenye sahani za kuokea keki, na mtu mmoja ufukweni akawapa senti 25 kwa sahani iliyouzwa senti 5 dukani. Morrison aliona biashara. Mwaka 1957 kampuni ya Wham-O ikanunua kisahani chake na kukipa jina la Frisbee. Ed Headrick, aliyefanya kazi katika kampuni hiyo hiyo, ndiye aliyefungua kiwanja cha kwanza cha kudumu, Oak Grove huko California, mwaka 1975, kisha akabuni kikapu cha minyororo. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa na plastiki vikatengenezwa visahani. Kila mtu na wosia wake.

Sasa tukirudi kwenye kona ya yule kijana. Kisahani kisichozunguka ni kama bati lililong'olewa na upepo: hewa inainua ukingo wa mbele, linapinduka, linaanguka. Kinachokiokoa ni mzunguko. Kitu kinachozunguka kwa kasi kina tabia ya ajabu: ukikisukuma mahali fulani, jibu halitokei hapo uliposukuma, linatokea robo ya mzunguko mbele. Chukua mtu wa mkono wa kulia anayerusha akianzia upande wa kushoto wa mwili wake, kama anayetoa karata. Kisahani chake, ukikitazama toka juu, kinazunguka kama mishale ya saa. Kinapokuwa na kasi kubwa, hewa hukiinua zaidi kwa nyuma. Jibu linatokea kushoto, ubavu wa kushoto unapanda, na kisahani kinaelekea kulia. Kasi ikipungua, hewa huinua mbele. Ubavu wa kulia unapanda, kisahani kinaanguka kushoto. Mruko mmoja, tabia mbili, na mrushaji hajaongeza kitu chochote tangu alipokiachia.

Kwa hiyo mtupo unaoridhisha kuliko yote, kwa hukumu yangu, ni ule wachezaji wanaouita haiza-flipi. Haiza ni kukiachia kisahani ukiwa umeuinamisha chini ubavu wa kushoto. Kwa kawaida mtupo wa namna hiyo hukata kushoto tu, na ni salama, hata mtoto hujifunza kwa siku moja. Lakini ukikichagua kisahani chepesi na kukipa kasi ya kutosha, ile nguvu ya kuinua kushoto inaanza kuunyanyua ubavu ulioinama. Kwa sekunde moja mtazamaji anadhani umekosea, kinaelekea msituni. Kisha kinanyooka polepole, kinalala sawa kama sinia lililobebwa na mhudumu mwenye heshima zake, na kinateleza katikati ya miti mbele kabisa. Umelenga kombo ili kupata mnyoofu. Furaha yake inatokana na kule kungoja: umekwisha kufanya kazi yako, na hewa inaimalizia mbele ya macho yako.

Mpira wa miguu hauna jambo hilo. Watu wa Lubumbashi hawahitaji kukumbushwa bao la Mulota Kabangu dhidi ya Internacional ya Brazil, Abu Dhabi, tarehe 14 Desemba 2010, siku klabu yetu ya Mazembe iliposhinda 2-0 na kipa Robert Kidiaba akarukaruka kwa makalio dunia nzima ikimtazama. Mpira uliopindishwa vile hupinda upande mmoja tu tangu unapoacha mguu. Kisahani kinaweza kwenda kulia, kikafikiri, kikarudi kushoto. (Bao lile silibadilishi na mtupo wowote, msinielewe vibaya.)

Wengine watakuambia raha iko kwenye umbali. David Wiggins alirusha meta 338 katika jangwa la Nevada mwaka 2016, akisaidiwa na upepo. Inashangaza, lakini mtu anayerusha akiwa na upepo mgongoni na jangwa mbele hana pa kukosea. Wengine wanapenda mtupo wa kubingirika, ambapo kisahani kinatua kwa ukingo na kukimbia kama ringi ya baiskeli inayosukumwa na mtoto. Ardhi yetu ya kiangazi, ngumu na tupu, ingeufaa sana. Na wapo wasiotaka chochote ila mlio wa minyororo, kama furushi la funguo lililoangushwa kwenye saruji. Huo nauheshimu. Kikapu kimoja kinatosha kumfanya mtu mzima arushe kutoka meta nane jioni nzima.

Mtupo maarufu kuliko yote uliunganisha mambo haya. Juni 2021, fainali ya ubingwa wa dunia ilichezwa Ogden, Utah. James Conrad alikuwa nyuma ya Paul McBeth kwa mtupo mmoja, kikapu cha mwisho, akiwa umbali wa meta 75. Alipaswa kukiingiza kutoka hapo au kwenda nyumbani. Alikiingiza, mchezo ukalazimika kuongezwa, na akawa bingwa.

Ninautaja kwa sababu nyingine pia. Ogden iko kwenye mwinuko wa meta 1,300 hivi, na Lubumbashi iko karibu na meta 1,200. Hewa ya mwinuko huu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 11, na nguvu zote nilizozieleza ni nguvu za hewa. Hapa kwetu ile nguvu ya kuunyanyua ubavu wa kushoto ni hafifu zaidi, basi kisahani kilichonyooka vizuri kule Dar es Salaam kitaendelea kuinama Kasungami, na kitaanguka kushoto mapema. Wachezaji wa milimani wanajua: wanachukua visahani vyepesi, au vilivyochakaa, kwa kuwa vilivyochakaa huelekea kulia kwa urahisi zaidi.

Kasungami sijaona kikapu cha minyororo, na hakihitajiki ili kuanza. Tafuta vifuniko viwili: kimoja chembamba cha bakuli la plastiki, kingine cha ndoo ya rangi, chenye ukingo mnene. Cha kwanza kitayumba na kuanguka. Cha pili kitasafiri, kwa sababu uzito uliokaa ukingoni, mbali na katikati, ndio unaoshikilia mzunguko usife haraka. Visahani vya mchezo vimetengenezwa kwa hesabu hiyo hiyo, uzito mwingi ukirundikwa kwenye ukingo.

Rusha jioni upepo ukitulia, usitumie bega, tumia kifundo cha mkono, na ukingo wa mbele usiupandishe. Hilo la mwisho ndilo kosa la karibu kila anayeanza. Kama wewe ni wa mkono wa kulia na kifuniko kimeishia kwa kuanguka kushoto, umerusha sawasawa. Sasa kitafutie kichuguu.