Robota Halifunguliwi Njiani

Nilimshika mkono mpwa wangu, tukaenda Biashara Street kumnunulia mamake leso. Tulikuwa tunalikaribia duka la Mali ya Abdulla, biashara iliyoanza mwaka 1887. Mbele yetu hamali akasukuma mkokoteni. Juu yake robota kubwa la leso, limefungwa kamba.

"Pisheni! Pisheni!"

Watu wakapisha. Hamali hakulifungua robota Digo Road. Hakumtupia muuza madafu leso moja, wala muuza viatu leso ya pili. Alikwenda mpaka mlangoni mwa duka, akashusha.

"Mjomba, mbona halifungui njiani?"

Swali zuri hilo, mwanangu! Wakubwa wangapi wamelipita robota hilo miaka yote wasiulize? Njoo, kaa hapa barazani. Nikupe kisa cha dawa nyekundu.

Dawa hiyo huitwa doksorubisini. Ni nyekundu kama mabuyu yetu, na asili yake ni vijidudu vya udongo wa Italia. Kazi yake ni kuua saratani.

"Saratani ni nini?"

Ni chembe za mwili zilizosahau kuacha kuzaana. Zinajaa, zinasukuma jirani. Sasa sikiliza dawa yenyewe ikisema:

"Mimi nina nguvu, lakini sina macho. Wakinitia mshipani, damu hunipeleka kila nyumba. Nagonga kwa saratani, napiga. Nagonga kwenye mizizi ya nywele, napiga. Nagonga kwa moyo, napiga. Moyo haukunikosea, lakini nitajuaje?"

Ndiyo maana mgonjwa hunyonyoka nywele, na daktari huhesabu dozi kwa kuuogopea moyo.

Basi wataalamu wakasema: tuifunge robota. Umeona matone ya mafuta yanayoelea juu ya mchuzi? Walitengeneza kifuko cha mafuta mfano wa tone hilo, ila ndani yake mna maji na dawa. Kifuko hicho huitwa liposomu. Mwingereza Alec Bangham ndiye aliyevigundua vifuko hivyo huko Cambridge, miaka ya 1960.

"Ni kidogo kama punje ya mchele?"

Kidogo zaidi.

"Kama punje ya mtama?"

Kidogo zaidi.

"Kama vumbi la unga?"

Kidogo zaidi, mwanangu! Ng'oa unywele mmoja. Pole. Sasa vipange vifuko kutoka ukingo huu wa unywele hadi ule. Vitaenea karibu 1,000. Kimoja kina upana wa nanomita 100 hivi.

Lakini mwili una askari, na wengi wao wamekaa kwenye ini na wengu. Wakiona kigeni, wanakimeza. Kwa hivyo kifuko kikavishwa buibui, nyuzi nyembamba zinazopenda maji. Kikapita mbele ya askari, wengi wasikitambue.

"Na mlango wa saratani kinauonaje, kama hakina macho?"

Hapo umenipata! Hakiuoni. Saratani yenyewe ndiyo iliyojenga vibaya. Inakua kwa pupa, inajenga mishipa yake ya damu kwa pupa. Ni kama ua wa makuti uliosukwa ovyo, matundu kila mahali. Mishipa mizima imeshikana vizuri, kifuko hakipenyi kwa urahisi. Kikifika penye ua mbovu, kinapenya, kinakaa, kinaitoa dawa polepole. Wajapani wawili, Matsumura na Maeda, waliliandika jambo hili mwaka 1986.

Mwaka 1995 Marekani iliruhusu doksorubisini ya kwenye vifuko itumike kutibu Kaposi, saratani inayotia madoa kwenye ngozi, hasa kwa wenye virusi vya Ukimwi. Afrika Mashariki twaijua sana hiyo. Moyo ukapata nafuu. Ila wagonjwa wengine huwaka viganja na nyayo, ngozi ikachubuka, maana vifuko huvuja hata huko. Na bei? Ni ghali mno kuliko dawa isiyofungwa. Hilo linaniudhi mimi mjomba wako.

"Lakini sasa yote inafika kwa saratani?"

Nikakohoa kidogo. Nilitamani kusema ndiyo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walikusanya majaribio ya miaka 10 yaliyofanywa kwa wanyama, ya vibebea dawa vidogo vya kila aina. Wakahesabu. Kwa kawaida, katika kila sehemu 1,000 zilizotiwa mwilini, zilizofika kwenye saratani ni 7.

"Saba tu!" Alipiga kelele mpaka muuza leso akageuka. "Na zile 993?"

Nyingi hukamatwa na wale askari, kwenye ini na wengu.