KUMFUNDISHA PUNDA KUPANDA LORI

Punda wa Kahama, ambaye zamani alikwenda kila mahali kwa miguu yake, siku hizi hupakiwa lorini mara nyingi. Mtu akihamia Katavi au Rukwa pamoja na jamaa zake, humchukua punda wake. Mtu akimnunua mbali, humleta kwa lori. Na punda akivunjika au akiugua sana, huenda ikampasa apelekwe kwa mganga wa mifugo mjini. Katika safari hizo, wengi huumia kabla gari halijaondoka, kwa sababu ya namna walivyopakiwa. Karatasi hii yakueleza jinsi ya kumfundisha punda wako kupanda kwa hiari yake, ili siku ya safari isiwe siku ya fimbo na kelele.

Katika nchi nyingine mafundisho kama haya huandikwa kwa ajili ya farasi. Kwetu farasi ni haba, na sababu yake waijua: ni mbung'o. Huko Shinyanga, katika miaka ya 1920 na 1930, Bwana C. F. M. Swynnerton na wenzake walifanya kazi kubwa ya kumchunguza mdudu huyo na kusafisha vichaka anavyokaa. Farasi aumwapo na mbung'o hufa upesi kwa nagana. Punda naye huweza kuugua, lakini hustahimili zaidi. Ndiyo maana ni yeye abebaye maji na kuni zetu.

Tena, punda aliyepotea si rahisi kumrudisha. Jike huchukua mimba muda wa miezi 12 hivi, naye huzaa mtoto mmoja. Na mtoto huyo hafai kubeba mzigo mzito mpaka atimize miaka minne. Biashara ya ngozi ilipunguza punda wengi katika Afrika, na hata mjini Shinyanga palikuwa na machinjio yao, hata mwezi wa Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, wakakubaliana kuikataza. Basi mwenye punda mmoja mwenye miguu mizima ana mali, na haifai aivunje mwenyewe penye mlango wa lori.

Kwa nini hukataa

Watu husema punda ni mkaidi. Neno hili si la haki. Ng'ombe na farasi wakiogopa, hukimbia. Punda akiogopa, husimama. Husimama akatazama, akasikiliza, akafikiri kama mahali pale pana hatari. Nawe umpigapo wakati huo, wamhakikishia kwamba hatari ipo kweli, kwa maana maumivu yamekuja pale pale alipokuwa akipashuku. Kesho atasimama mbali zaidi.

Sasa lifikirie lori kwa macho yake. Macho ya punda yapo pande mbili za kichwa. Huona sana ubavuni, lakini hakioni vizuri kilicho karibu mbele ya pua yake, wala kilicho nyuma ya mkia wake. Kwa hiyo ubao uliowekwa mbele ya miguu yake hauoni sawasawa asipoinamisha kichwa. Macho yake hukawia kuzoea giza atokapo juani, na lori lililofunikwa turubai wakati wa adhuhuri ni kama shimo jeusi. Akikanyaga ubao, unalia kwa sauti ya utupu, nao unatikisika. Nyuma yake wamesimama vijana sita wakipiga makofi, naye hawaoni. Mwanadamu naye angekataa.

Kazi ya kwanza: kamba

Mtengenezee hatamu ya kamba pana ya katani au ya pamba, isiyombana pua. Kamba nyembamba ya nailoni huunguza ngozi, nayo haifai. Wala usimfunge kamba ya shingoni yenye kitanzi kinachokaza, kwa maana akirudi nyuma atajinyonga.

Simama ubavuni mwa bega lake, ukielekea mnakokwenda; usimkabili uso kwa uso. Vuta kamba kidogo, bila kunyakua, uishike hivyo hivyo. Akiinua mguu mmoja tu mbele, hata kama ni hatua ya kitoto, legeza kamba mara hiyo hiyo. Angalia sana jambo hili, kwa kuwa mafundisho yote yamesimama juu yake: kule kulegea ndiko kunakomfundisha punda, wala si kule kuvuta. Ukiendelea kuvuta baada ya yeye kutii, umemwadhibu kwa utii wake, naye hataona faida ya kutii tena. Mfanyie hivi uwanjani kwako kila siku robo saa, asubuhi au jioni, mpaka akufuate kwa kamba iliyolegea na kusimama usimamapo.

Kazi ya pili: ubao

Usianze na lori. Chukua mbao nene, au mlango wa zamani ulio imara, uulaze chini penye njia aipitayo kila siku. Umwagie udongo na majani makavu juu yake ili using'ae wala kulia sana. Mwache aunuse kwa muda autakao. Punda anusaye ni punda ajifunzaye. Weka juu ya ubao majani ya viazi vitamu au pumba kidogo. Kwa siku mbili tatu atakanyaga kwa miguu ya mbele tu, kisha atarudi. Mwache arudi, umlete tena polepole. Wengi huharibu kazi hapa kwa tamaa. Waonapo miguu miwili imepanda, humsukuma kwa nyuma ili yote minne ipande, na hapo hupoteza faida ya siku tatu.

Akiisha kuuvuka ubao bila wasiwasi, uinue upande mmoja juu ya magunia ya mchanga, kiasi cha shubiri moja, kisha mbili. Mfundishe na kushuka pia. Kupanda bila kujua kushuka ni nusu ya kazi, na punda wengi huvunjika miguu katika kuruka, si katika kupanda.

Ikiwa una punda wawili waliozoeana, umpeleke mbele yule mpole. Rafiki akivuka, mwoga humfuata mara nyingi bila kuambiwa neno. Punda hushikamana sana na mwenziwe, hata ukimtenga huacha kula. Basi itumie tabia hiyo.

Kazi ya tatu: lori lenyewe

Sakafu ya lori huwa kimo cha mita 1 na zaidi. Kwa kila mita 1 ya kimo, ubao wa kupandia uwe na urefu wa mita 3. Kwa hiyo lori la kimo cha mita 1.2 lataka ubao usiopungua mita 3.6. Ukiwa mfupi zaidi, mteremko unakuwa mkali, miguu inateleza, na punda aliyeteleza mara moja hukumbuka muda mrefu. Pigilia vipande vya mbao vya kukingama, kimoja kila sentimeta 25 hivi, apate kushika kwato. Pande zote mbili za ubao weka ua wa fito na majani ili asione chini wala asijaribu kuruka kando. Palipo na kipandio cha mifugo kilichojengwa, tumia hicho. Pasipo nacho, mwombe dereva arudishe gari nyuma mpaka kwenye ukingo wa barabara au kichuguu kilichosawazishwa, sakafu ya gari na ardhi zilingane. Njia hii hushinda ubao wowote, nayo haina gharama ila jembe.

Fungua turubai mwanga uingie. Zima injini. Mwaga mchanga sakafuni. Watu wasiohusika waondoke, na wasaidizi wawili wasimame ubavuni kwa mbali, si nyuma ya mateke. Ikiwezekana, patana na mwenye lori uazime gari jioni moja kabla ya safari, punda apande, ale pumba ndani, akashuke, basi.

Kuna wanaomfunga punda kitambaa machoni. Kwa punda akuaminiye huenda ikafaa siku ya haja kubwa, lakini hajifunzi kitu, na kitambaa kikianguka katikati ya ubao atashtuka vibaya. Kumsokota mkia, kumvuta masikio, kumfunga miguu na kumtupa juu kama gunia, haya hayafai kabisa. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 hukataza kumtesa mnyama.

Wengine watasema hawana nafasi ya mafundisho haya. Hesabu basi: robo saa kwa siku 12 ni saa 3 za mtu mmoja. Vijana sita wakipigana na punda kwa saa mbili ni saa 12 za kazi, na huenda punda akachechemea mwezi mzima.

Siku ya safari

Pata kwanza kibali cha kusafirisha mifugo kwa Bwana Mifugo, kwa kuwa utakiulizwa njiani. Mnyweshe maji kabla ya kuondoka. Safiri asubuhi mapema au jioni. Usimchanganye na ng'ombe wenye pembe, wala usiwaweke madume wawili pamoja bila kizuizi katikati. Funga kamba kwa fundo linalofunguka kwa kuvutwa mara moja. Jike aliye karibu kuzaa abaki nyumbani.

Ufikapo, mshushe kwa ubao ule ule, mpe maji na majani, na mwenziwe awe karibu. Kisha mwangalie anavyokula. Punda aliyeshtuka au aliyechoka akiacha kula, mafuta ya mwili wake huingia katika damu kupita kiasi, na ini huharibika. Hasa punda mnene au jike mwenye mimba. Kwa macho huonekana amesimama tu, kichwa chini, kama aliyechoka. Ikiwa siku moja imepita naye hajala, usingoje siku ya pili. Mwite Bwana Mifugo, na huku ukimjaribu kwa majani mabichi mkononi.