Udongo wenye kina unaonyima maji

Kila mara tunapoeleza mfano wa mpanzi, sisi mapadri na walimu wa dini twasimama kidogo juu ya ile mbegu iliyoanguka penye mawe. Iliota upesi, jua likaiunguza, kwa sababu udongo haukuwa na kina. Maelezo hayo ni ya kweli kwa vilima vya Palestina. Lakini msikilizaji aliyekulia shambani aweza kutuuliza: Je, penye kina mmea haukauki kamwe? Swali hilo si la mchezo. Watu maelfu walipoteza mali yao yote kwa kulijibu vibaya, huko South Dakota, katika Marekani. Twataka kueleza udongo wa nchi ile, maana hatujaona mfano ulio wazi kuupita.

Magharibi ya mto Missouri nchi ni wazi, yenye vilima vya chini, bila miti isipokuwa kando ya mito. Chini yake limelala jiwe laini ambalo wataalamu Meek na Hayden waliliita Pierre mwaka 1862, kwa kufuata ngome ya Fort Pierre. Miaka milioni 70 ao 80 iliyopita lilikuwa tope la bahari, bahari iliyofunika katikati ya Amerika ya Kaskazini. Volkano za upande wa magharibi zilirusha majivu humo (wasomaji wetu wa Goma hawahitaji maelezo), na majivu yale yakageuka polepole kuwa udongo mwororo sana. Jiwe la Pierre likioza latoa udongo wa mfinyanzi, na mara nyingi zaidi ya nusu ya udongo wote ni chembe hizo ndogo kabisa zisizoonekana kwa macho.

Tuchimbe shimo. Juu, kwa santimetri chache, twakuta punje ngumu ndogondogo, rangi ya kijivu yenye weusi. Barafu ya wakati wa baridi ndiyo inayozivunjavunja hivi kila mwaka. Chini ya hapo madonge ni makubwa, na tena magumu kama tofali. Tukifika nusu metri ao zaidi twaona jambo la ajabu: nyuso za udongo zilizolala upande, laini, zenye kung'aa kama zimepakwa mafuta. Zaidi chini yaonekana madoadoa meupe ya chokaa na vipande vya jasi, kwa sababu mvua ni haba, haiwezi kuviosha na kuvipeleka mbali. Pahali pengi jiwe halionekani mpaka tupite metri moja na nusu. Basi kina kipo, tena cha kutosha.

Nyuso zile zang'aa kwa nini? Chembe za udongo huu ni kama karatasi nyembamba zilizopangwa pamoja. Maji huingia kati ya karatasi na kuzitenganisha, na udongo wote wavimba. Maji yakitoka, wanywea, nao wapasuka. Wakati wa kiangazi nyufa zaweza kupokea mkono wa mtu na kushuka karibu metri moja. Punje za juu zaanguka ndani yake. Mvua ikirudi udongo wavimba tena, haupati nafasi, wajisukuma wenyewe. Madonge yasuguana, yateleza, yakajing'arisha. Ndiyo maana nguzo za ua huinama na misingi ya nyumba hupasuka. Padri anayetaka kujenga kanisa juu ya udongo wa namna hiyo ashauriane kwanza na fundi anayeujua.

Wenyeji wauita gumbo. Ukilowa washika magurudumu mpaka yasizunguke. Wenye kamusi wasema neno hilo lilitoka Louisiana, na lilifika huko pamoja na watumwa waliotolewa pande za Kongo na Angola: ni jina la mboga ile ile yenye utelezi ambayo hata leo kwetu twaiita gombo. Babu zetu walichukuliwa na jina likaenda nao.

Sasa tufike kwenye maji. Mvua na theluji ya mwaka mzima huko ni milimetri 350 mpaka 450 hivi, na Lubumbashi yapata karibu 1200. Joto la kati la mwaka halipiti sana digri 8, na wakati wa baridi ardhi yenyewe yaganda. Mvua ya milimetri 10 ikianguka juu ya mchanga mkavu yapenya santimetri 10 ao zaidi. Ikianguka juu ya udongo huu yaishia santimetri chache za juu, na siku mbili za upepo na jua zairudisha hewani. Mvua ikiwa kubwa, yaingia kwanza kwa haraka kwa njia ya nyufa. Kisha udongo wavimba, nyufa zajifunga, na maji yanayobaki yakimbilia mtoni.

Tena kuna jambo gumu zaidi. Hata maji yaliyoingia hayatolewi yote. Mmea ukinyauka katika mchanga, mchanga umekwisha kukauka karibu kabisa. Lakini katika udongo mzito kama huu mmea wanyauka hali karibu robo ya ujazo wa udongo ni maji bado. Chembe zimeyashika kwa nguvu kuliko nguvu ya mizizi. Tuseme wazi: mmea wafa kiu penye maji.

Kumbe majani ya nchi yalizoea. Majani makubwa ya malisho yale, yenye rangi ya buluu kidogo, wataalamu huyaita Pascopyrum smithii. Yana vishina vinavyotambaa chini ya ardhi, na vikikatwa na nyufa kila kipande chaweza kuchipua. Yaota mapema, theluji inapoyeyuka na hewa ingali baridi, yamaliza kazi mbele ya joto la mwezi wa saba. Kisha yakauka yakisimama, na nyati wa zamani waliyala hivyo hata wakati wa baridi.

Nchi hii ilikuwa ya Walakota. (Ndiyo nchi ya mwalimu wa dini Nicholas Black Elk, aliyebatizwa mwaka 1904 na kufa mwaka 1950, kesi ya kumtaja mtakatifu ilifunguliwa mwaka 2017.) Sheria ya mwaka 1887 iliruhusu kugawa ardhi ya wenyeji vipande vipande, kila jamaa chake, kusudi walime kama Wazungu, mwaka 1889 nchi yao kubwa ikakatwa, sehemu kubwa ikafunguliwa kwa wageni. Kwa sheria nyingine, ya mwaka 1862, mhamiaji aliweza kupata eka 160, yaani hektari 65 hivi. Kwetu sisi kosa hapa ni mara mbili: walinyang'anya ardhi, tena hawakuuliza ni ardhi ya namna gani. Waliona udongo mweusi, wenye kina, wenye chumvi nyingi za kulisha mimea, wakaupasua kwa jembe la farasi. Miaka kadhaa ya mvua njema iliwadanganya. Ukame wa mwaka 1911 uliwafukuza wengi, na ule wa miaka ya 1930 ukafukuza wengine. Serikali ilinunua tena mashamba mengi yaliyoachwa, ikapanda majani, na mwaka 1960 ikayatangaza kuwa malisho ya taifa: Fort Pierre na Buffalo Gap. Ngano bado yalimwa pahali fulani, hasa ile inayopandwa mbele ya baridi. Lakini pengi ni malisho ya ngombe.

Hata malisho yana hatari yake. Mwaka 1856 farasi wa askari wa Fort Randall walianguka manyoya ya shingo na mkia, kwato zikawatoka. Katika miaka ya 1930 wataalamu walijua sababu: seleniumu, sumu iliyomo katika jiwe lenyewe, ambayo mimea fulani huikusanya.

Kwetu, katika uwanda wa Ruzizi, kuna pia udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi. Tabia yake ya kuvimba na kunywea ni ile ile. Lakini huko joto ni la mwaka mzima, na maji ya mto yaweza kuongozwa kwa mifereji. Ndiyo maana mpunga waota pahali ambapo mvua peke yake isingetosha.