Tovuti ikihama bila mpango, barua hupotea njiani

KUHAMISHA tovuti kutoka kampuni moja inayoihifadhi kwenda nyingine ni kazi ambayo fundi mzoefu huweza kuimaliza kwa siku moja. Ikifanywa kwa pupa, taasisi inaweza kutoweka katika mtandao wa intaneti kwa wiki nzima, na ikapoteza barua pepe ambazo hakuna awezaye kuzirudisha.

Chukua mfano wa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa korosho katika Kata ya Kurui, wilayani Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Chama cha namna hiyo kikiwa na tovuti, wanachama hutarajia kuona humo bei ya mnada, kilo zilizopokelewa ghalani na tarehe ya malipo, nao wanunuzi hutuma maulizo yao kwa barua pepe yenye jina la chama. Msimu wa korosho ukishaanza, mwezi Oktoba, siku tatu za ukimya si jambo dogo.

Sababu za kuhama ni nyingi. Ada hupandishwa, huduma huzorota, au kampuni yenyewe huifunga biashara, kama Yahoo! ilivyofanya Oktoba 2009 ilipoifunga nchini Marekani huduma ya GeoCities, iliyokuwa ikihifadhi kurasa za watu bila malipo. Nchini Tanzania ipo sababu nyingine, ambayo wengi waliitambua Mei 12, 2024, pale mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipopata hitilafu. Tovuti zilizohifadhiwa Ulaya na Marekani zilifikika kwa shida au hazikufikika kabisa. Zile zilizohifadhiwa nchini zilikuwa na nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa watoa huduma za intaneti wanaweza kupokezana data hapa hapa kupitia kituo cha TIX, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2004, pasipo kuvuka bahari.

Hapa wengi hudanganyika. Jina la tovuti kuishia na .tz hakumaanishi kwamba seva yake ipo Tanzania. Kampuni kadhaa za humu nchini huuza nafasi zilizokodiwa katika seva za ng'ambo, na mteja hulipa kwa shilingi akidhani taarifa zake zipo Dar es Salaam. Ni vema kuuliza seva ipo mji gani kabla ya kutia saini.

Ili kuelewa uhamisho, msomaji hana budi kutenganisha vitu viwili, jina na mahali. Jina la kikoa, mathalani lile linaloishia na .or.tz, husajiliwa na kulipiwa ada kila mwaka. Mahali ni seva, yaani kompyuta inayowaka usiku na mchana ikiwa na kurasa, picha na hifadhidata. Mtu akihama Kurui kwenda Maneromango habadili jina lake. Kinachobadilika ni mahali pa kumtafuta. Vivyo hivyo tovuti huweza kuhama seva huku jina likibaki kwa msajili yule yule.

Hata majina yenyewe yaliwahi kupata msimamizi mpya. Kampuni ya tzNIC iliundwa mwaka 2006 na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) pamoja na umoja wa watoa huduma za intaneti (TISPA), na mwaka 2010 ikakabidhiwa rasmi usimamizi wa .tz. Wenye tovuti za .co.tz na .ac.tz hawakulazimika kubadili hata herufi moja.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote si cha kitaalamu. Ni swali la nani mwenye jina. Mara nyingi taasisi humwachia kijana mjuzi wa kompyuta asajili kila kitu, naye huandika jina lake na barua pepe yake binafsi. Akipata kazi mkoa mwingine au akigombana na viongozi, taasisi hugundua kwamba haina neno la siri wala uthibitisho wowote kwamba jina ni lake. Kurasa zinaweza kuandikwa upya. Jina likiisha muda na kuchukuliwa na mwingine, kulirudisha ni safari ndefu. Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya kuzungumza na kampuni mpya, ni kuhakikisha kwamba usajili unaitaja taasisi yenyewe, na kwamba viongozi wasiopungua wawili wana njia ya kuingia.

Baada ya hapo huja kunakili. Tovuti nyingi za sasa, hasa zinazotumia programu kama WordPress au Joomla, zina sehemu mbili: mafaili na hifadhidata. Anayenakili mafaili peke yake hupata ganda tupu, kwa kuwa maandishi yenyewe hukaa katika hifadhidata. Ni busara pia kutoipitishia tovuti kwenye simu au modemu ya kijijini. Gigabaiti 5, kwa kasi ya kupakia ya megabiti 1 kwa sekunde, huhitaji zaidi ya saa 11, na mtandao ukikatika huenda kazi ikaanza upya. Fundi huweza kuziamuru seva mbili zihamishiane data moja kwa moja.

Nakala ya akiba iwekwe mahali pa tatu, mbali na seva zote mbili. Machi 10, 2021 moto uliteketeza jengo la kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na mamilioni ya tovuti yakazimika. Wapo wateja waliokuwa na nakala ya akiba, lakini ilikuwa katika kituo hicho hicho. Diski ya shilingi chache ndani ya kabati la ofisi ya kata ingewafaa zaidi.

Tovuti ikishawekwa katika seva mpya, isitangazwe mara moja. Fundi huielekeza kompyuta yake peke yake kwenye seva hiyo, akajaribu kila ukurasa na kila fomu, na kuhakikisha cheti cha usalama kimetolewa. Kisipokuwapo, wasomaji watakutana na onyo la kutisha badala ya bei za korosho.

Ndipo hubadilishwa anwani katika mfumo wa majina ya vikoa, na hapo muda huwa na kauli ya mwisho. Kompyuta za watoa huduma, zikishauliza anwani mara moja, huikumbuka kwa kipindi alichokiweka mwenye jina, mara nyingi sekunde 86,400, yaani siku nzima. Anwani ikibadilishwa saa 4 asubuhi, mkulima wa Kurui huweza kufika seva mpya wakati mnunuzi wa Dar es Salaam bado anapelekwa ile ya zamani hadi kesho yake. Dawa yake ni kukiteremsha kipindi hicho hadi sekunde 300 siku mbili kabla ya kuhama, na kusimamisha uandikaji wa habari mpya mpaka uhamisho ukamilike.

Barua pepe ndiyo husahaulika zaidi. Katika mfumo huo wa majina, barua ina rekodi yake, tofauti na ya kurasa. Usimamizi wa jina ukihamishiwa kampuni mpya na rekodi hiyo ikaachwa nyuma, barua hazifiki. Seva ya mpokeaji isipopatikana, seva ya mtumaji kwa kawaida hujaribu tena kwa siku kadhaa. Lakini ikipatikana na kusema hakuna sanduku lenye jina hilo, barua hukataliwa papo hapo. Masanduku yote yaundwe kwanza upande wa pili, na barua za zamani zinakiliwe kabla akaunti haijafungwa.

Wenye kuhifadhi orodha za wanachama wana jambo jingine la kupima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inagusa pia usafirishaji wa taarifa binafsi nje ya nchi. Taasisi za umma, kama halmashauri ya Kisarawe, hazijichagulii tu kampuni, kwa kuwa mambo yao ya mtandao yapo chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019.

Akaunti ya zamani ilipiwe mwezi mmoja zaidi. Kisha, kabla ya kuiacha, jina la kikoa lifutwe katika seva hiyo. Lisipofutwa, wateja wengine wa kampuni ile ile wakiandika barua, seva hudhani sanduku bado ni lake na huziweka humo humo. Mtumaji haoni kosa lolote, na mpokeaji hapati kitu.