Mteja Ni Nani?

Kipindi kinachopendwa hufungwaje? Chukueni Jeopardy!, chemsha bongo iliyoanza Marekani mwaka 1964 katika televisheni ya NBC. Ilirushwa saa sita mchana, wanafunzi na wafanyakazi wakiitazama wakati wa chakula. Lakini wenye matangazo ya biashara waliwataka akina mama vijana walio nyumbani, wanunuzi wa sabuni na vyakula. Mwaka 1974 ikahamishiwa saa nne na nusu asubuhi, mashabiki wakiwa kazini na darasani. Watazamaji wakapungua. Januari 3, 1975 ikafungwa. Ilirudi kwa kishindo mwaka 1984. Mteja ni mfalme, twaambiwa. Katika televisheni ya biashara, mteja ni mwenye tangazo. Mtazamaji ndiye bidhaa.