Hali ya Hewa na Tabianchi: Mpaka wa Istilahi Mbili katika Kiswahili cha Sera nchini Rwanda

Makala haya yanafafanua tofauti ya maana baina ya istilahi hali ya hewa na tabianchi, ambazo mara nyingi huchukuliwa kuwa visawe. Suala hili lina uzito mahususi nchini Rwanda, ambako Kiswahili kilifanywa kuwa lugha rasmi mwaka 2017.

Hali ya hewa ni hali ya angahewa mahali fulani kwa muda mfupi: mvua, upepo, joto au ukungu wa siku moja. Tabianchi ni mwenendo wa hali hizo kwa muda mrefu. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia wastani wa miaka 30, na kipindi rejea cha sasa ni 1991–2020. Kwa hiyo, mvua inayonyesha Kigali leo ni hali ya hewa. Kuwapo kwa misimu miwili ya mvua, yaani masika au itumba kwa Kinyarwanda, na vuli au umuhindo, ni tabianchi.

Mkanganyiko una vyanzo viwili. Kwanza, mabadiliko ya hali ya hewa hutumiwa kwa maana ya mabadiliko ya tabianchi, ilhali hali ya hewa hubadilika kila siku. Pili, Kinyarwanda huzijenga dhana zote mbili juu ya shina moja: iteganyagihe ni utabiri wa hali ya hewa, na imihindagurikire y'ibihe ni mabadiliko ya tabianchi. Mfasiri hana budi kuongozwa na dhana, si umbo la neno.

Mafuriko na maporomoko ya ardhi ya Mei 2023, yaliyoua zaidi ya watu 130 nchini Rwanda, yalitokana na mvua kubwa ya usiku: tukio la hali ya hewa, linalodai tahadhari ya mapema na kuwahamisha watu. Iwapo mvua za namna hiyo zinaongezeka ni swali la tabianchi. Hujibiwa kwa kumbukumbu za miongo, na hatua zake ni matuta, misitu na mipango ya makazi. Waraka usiotenganisha mambo hayo haumwonyeshi mtekelezaji lipi ni la usiku huu na lipi ni la bajeti ya miaka mingi.

Inapendekezwa kuwa nyaraka za sera zitumie mabadiliko ya tabianchi pekee kwa dhana ya muda mrefu, na kila istilahi ifasiliwe pamoja na kipimo chake cha muda.